Fedha ya kusubiria: ombi la mkulima wa mboga kutoka Lushoto

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wako wa barua. Mimi ni mkulima wa karoti, kabichi na hoho huku Lukozi, wilayani Lushoto, na huu ni mwaka wa sita nikiwa katibu wa kikundi chetu cha wakulima wa mboga. Kila inapofika wakati wa bajeti za halmashauri nasikia neno lilelile: tutawajengea soko la kisasa. Nashukuru kwamba tunakumbukwa. Lakini nataka kueleza, kwa hesabu za daftari letu wenyewe, kituo cha kukusanyia mazao kinahitaji nini hasa ili kimfikishe mkulima wa mlimani kwa mnunuzi mkubwa, kwa sababu naona fedha nyingi zinakwenda kwenye saruji na kile kinachotukwamisha, fedha ya kumlipa mkulima huku tukisubiri mnunuzi atulipe, hakiguswi.

Nianze na gunia, maana hapo ndipo tulipopoteza kwa miaka mingi kuliko popote.

Mnunuzi anakuja na magunia yake. Kila gunia mdomoni limeshonewa kipande cha wavu, kwa hiyo likishajaa, karoti zinaendelea kupanda juu. Vijana wa kupakia wanalitikisa, wanalikanyaga, wanaongeza tena, halafu wanafunga kwa kamba juu ya ule wavu. Hiyo ndiyo lumbesa. Bei inatajwa kwa gunia, na gunia ni lile alilolileta yeye. Mwaka ule tuliponunua mzani wetu wa kwanza, tuliutundika kwenye boriti la stoo ya mwenyekiti na nikaomba gunia langu moja lipimwe kabla halijapanda kwenye Fuso. Wanaume wanne walilinyanyua. Mshale ulisimama kwenye kilo 138. Nilikuwa nimelipwa shilingi 40,000, nikijihesabia moyoni kwamba nauza kilo kwa shilingi 400. Kumbe nilikuwa nauza kwa 290. Msimu ule nilitoa magunia tisa. Kilo 38 mara tisa ni kilo 342 ambazo nilipalilia, nikamwagilia, nikang'oa, nikaziosha kwenye maji ya baridi ya mtoni alfajiri, na hakuna aliyenilipa hata senti.

Sheria ya Vipimo, Sura ya 340, tunaijua. Tunajua kwamba gunia la mazao halitakiwi kuzidi kilo 100, na Wakala wa Vipimo wamekuja kijijini kutufundisha. Nawashukuru. Ila sheria hiyo inasimamiwa barabarani, gari likishapakiwa, na dhuluma inafanyika shambani saa 12 jioni, mama akiwa peke yake na lundo la karoti zilizokwishang'olewa. Karoti ikishatoka ardhini saa inaanza kuhesabu. Ukimkatalia mnunuzi, anapanda gari lake na kwenda bonde la pili, na wewe unabaki na mzigo unaonyauka. Hakuna mkulima anayekubali lumbesa kwa kupenda. Anakubali kwa sababu ni mmoja, ana mzigo mdogo, na usiku unaingia.

Kituo cha pamoja kinabadilisha hapo hapo. Mzani ni wa kwetu, una muhuri, upo mahali pamoja, na mnunuzi anaukuta. Kwenye kituo chetu bei inatajwa kwa kilo, inaandikwa kwa chaki kwenye ubao, na kila mwanachama anarudi nyumbani na karatasi yenye uzito wake na daraja lake. Mama mmoja jirani yangu, mjane, hajui kusoma, huwa anampa mjukuu wake wa darasa la tano amsomee ile karatasi njiani. Ameniambia hajawahi maishani kujua shamba lake linatoa kilo ngapi. Sasa anajua, na mwaka jana aliongeza matuta mawili ya hoho kwa sababu aliona kwa namba kwamba hoho zinamlipa kuliko kabichi.

Lakini mzani ni mwanzo tu.

Mnunuzi mkubwa, awe duka la vyakula la mjini, hoteli au shule ya bweni, ana mambo yake anayoyataka na sina ubaya naye. Anataka kilo 300 za karoti kila Jumanne na kilo 300 kila Ijumaa, mvua inyeshe isinyeshe. Anataka zilingane ukubwa. Anataka zifike kwenye kreti, zisiwe zimekandamizwa kwenye gunia. Anataka ankara na risiti ya EFD, ile mashine ya kodi. Na anataka mtu mmoja wa kumpigia simu, ambaye atapokea. Mkulima wa kwetu ana robo eka, mara nyingi imegawanyika vipande vitatu kwenye miteremko tofauti, na wiki hii ana kilo 40, wiki ijayo hana kitu. Hawa wawili hawawezi kukutana hata kama wanatafutana. Lazima awepo mtu katikati.

Kwa miaka yote aliyekuwa katikati ni dalali. Sitaki kumtukana dalali. Mtoto wangu wa tatu alipougua usiku, aliyenikopesha nauli ya kumfikisha hospitali alikuwa dalali, na nililipa kwa kabichi. Anawajua wanunuzi wa Kariakoo, Ilala na Temeke kwa majina, anajua leo Dar es Salaam kuna mzigo mwingi au mchache, na analala njiani juu ya magunia. Hiyo ni kazi na inastahili malipo. Shida ni kwamba habari anazozijua yeye hatuzijui sisi, na katika pengo hilo ndipo bei inapoliwa. Kijana anayetuendeshea kituo leo alikuwa dalali kwa miaka minane. Tulimchagua kwa sababu hiyo hiyo. Simu yake ina wanunuzi wote, tofauti ni kwamba sasa bei anayoambiwa ndiyo inayoandikwa ubaoni.

Naomba niseme kidogo kuhusu kupanga madaraja, kwa sababu watu wengi wanaotoka nje wanadhani ni jambo dogo. Tuna meza ndefu ya mbao chini ya kibanda cha bati, na juu yake pete tatu zilizokatwa kwenye bomba la chuma. Karoti inayopita pete ya kati ikakwama kwenye ndogo ni daraja la kwanza. Iliyo nene kupita pete kubwa inakwenda kwa wenye vibanda vya kachumbari na wapishi wa shughuli. Zile zenye miguu miwili au mitatu tunaziweka pembeni. Zamani tulidhani ni mbegu mbaya. Tulipoanza kuandika zimetoka shamba la nani, tukaona zinatoka kwa wale wale kila mara, wenye mawe mengi au waliotia samadi mbichi kabla ya kupanda. Tukawaambia. Wakaanza kuivundisha samadi na kuyatoa mawe. Vilevile zile zenye mabega ya kijani: mizizi imechungulia juani kwa sababu tuta halikufukiwa vizuri wakati wa palizi. Mkulima aliyekuwa anauza kwa lumbesa hakuwahi kuambiwa haya na mtu yeyote, kwa kuwa mbaya na nzuri zilifungwa gunia moja na kulipwa bei moja. Meza ile imetufundisha kilimo kuliko semina nyingi nilizokaa.

Na kalenda. Huku kwetu kila mtu alikuwa anapanda mvua zikianza, kwa hiyo kila mtu anang'oa wiki moja, bei inaanguka hadi mtu anaona heri awape ng'ombe. Karoti zinachukua kama miezi mitatu. Ukiwa na oda ya kila wiki, unahesabu kurudi nyuma: zitakazong'olewa wiki ya kwanza ya Septemba lazima ziwe ardhini mwanzoni mwa Juni. Tumegawana makundi manne, kila kundi linapanda wiki yake, na wenye mifereji ya maji wamekubali kupanda kiangazi ili wasio na maji wabebe miezi ya mvua. Makubaliano hayo yalichukua vikao vitano na maneno makali. Yamedumu kwa sababu moja tu, kwamba kuna oda upande wa pili. Bila oda hakuna mkulima atakayekubali kuchelewesha mbegu yake kwa ajili ya mwenzake.

Sasa nifike kwenye jambo lililonifanya nishike kalamu.

Miaka minne iliyopita tulipata mnunuzi mkubwa wa Dar es Salaam. Simtaji jina, wala nia yangu si kumlaumu, maana utaratibu wake ni wa wengi. Oda ilikuwa kilo 600 kwa wiki, yaani 300 kila safari, kwa shilingi 850 kwa kilo. Sisi tulimlipa mkulima 600, usafiri na kreti zikala 150, na 100 ikabaki kuendesha kituo. Bei ya 600 ilikuwa haijawahi kusikika Lukozi kwa karoti. Watu walifurahi. Nilifurahi.

Mkataba ulisema malipo ni baada ya siku 30. Mkulima wa kwetu hawezi kungoja siku 30. Ana ada, ana kibarua aliyemng'olea anayetaka ujira wake jioni ileile, ana sukari ya kununua. Dalali anamlipa taslimu, kidogo lakini leo. Kwa hiyo tulijua kwamba kituo lazima kimlipe mkulima siku anayopima, halafu kituo ndicho kingoje. Kilo 600 kwa shilingi 600 ni shilingi 360,000 kila wiki. Kungoja wiki nne ni shilingi 1,440,000 kabla senti ya kwanza haijarudi, na hapo sijahesabu gari. Mfuko wetu ulikuwa na shilingi 700,000. Haukumaliza wiki mbili.

Tukaenda kwa wanachama tukawaomba wavumilie. Wakavumilia. Siku ya 30 ikapita. Siku ya 40 ikapita. Nilikuwa napiga simu kila asubuhi na kujibiwa kwa adabu kwamba malipo yapo kwenye mfumo. Fedha ya mzigo wa kwanza iliingia siku ya 52. Kufikia hapo wanachama zaidi ya nusu walikuwa wamerudi kumwuzia dalali usiku, na siwezi kuwalaumu. Mzigo wetu ukapungua, tukapeleka kilo 210 badala ya 300, mnunuzi akasema hatuaminiki, na mkataba ukafa. Ankara zetu zote zililipwa mwishoni, hakuna aliyetudhulumu hata shilingi. Tulikufa tukidai.

Naomba msomaji aitazame vizuri habari hiyo. Ardhi ilikuwepo. Karoti zilikuwepo, na zilikuwa nzuri. Mnunuzi alikuwepo na alilipa. Barabara, pamoja na mawe yanayoporomoka kati ya Soni na Mombo wakati wa masika, ilipitika. Kilichokosekana ni kama shilingi milioni tatu za kusubiria. Hiyo ndiyo fedha ninayoizungumzia. Haijengi kitu cha kuzinduliwa wala kukatiwa utepe, na inazunguka: leo inatoka kumlipa mkulima, baada ya mwezi inarudi kutoka kwa mnunuzi, inatoka tena.

Tulianza upya kwa michango. Wanachama 64, kila mmoja shilingi 20,000, jumla 1,280,000. Tukatafuta wanunuzi wadogo kidogo wanaolipa ndani ya siku 14, shule moja ya bweni na duka moja la Tanga mjini. Leo tunapeleka kilo 400 kila Ijumaa na hatujawahi kumkosesha mkulima malipo ya siku ileile. Tumejenga na chumba cha baridi cha mkaa kwa mikono yetu: kuta mbili za wavu wa kuku, katikati mkaa umeshindiliwa upana wa kiganja, juu kuna bomba lenye matundu linalodondosha maji kutoka kwenye pipa. Upepo ukipita kwenye mkaa uliolowa unaingia ndani ukiwa wa baridi. Ukifungua mlango saa 8 mchana unahisi ubaridi usoni kama umeingia msituni Magamba. Hoho zilizokuwa zinalegea siku ya pili sasa zinafika siku ya nne zikiwa bado zinang'aa. Hakina umeme, hakina fundi kutoka nje.

Lakini mwezi uliopita mnunuzi mwingine wa Dar es Salaam alitupigia akitaka tani moja kwa wiki. Siku 30. Tulikaa kamati nzima tukapiga hesabu mara tatu, tukamwambia hapana. Nilikata simu nikakaa muda mrefu bila kusema neno.

Kuna na hesabu ya pili, ya uendeshaji. Shilingi 100 kwa kilo kwenye kilo 400 ni shilingi 40,000 kwa wiki. Hiyo haimlipi meneja, wala mlinzi, wala chaji ya simu. Kijana wetu anafanya kazi kwa posho ndogo na siku moja atapata kazi nyingine aondoke, na ataondoka na wanunuzi wote kwenye simu yake. Kituo kikipitisha tani mbili kwa wiki kinapata 200,000, yaani kama 800,000 kwa mwezi, na hapo kinaweza kujilipia mtu wa kudumu. Kwa hiyo kituo cha kijiji kimoja hakitoshi. Ndiyo maana nasema kiwe cha ukanda: Lukozi, Malindi, Mlalo na wenzetu wa kata za jirani walete kwenye mzani mmoja, kila kata na siku zake na mazao yake. Kutoka kilo 400 hadi tani mbili kuna safari ya miaka miwili, mitatu. Katika miaka hiyo ndipo tunapohitaji kushikwa mkono.

Naijua hoja ya wanaosema ushirika ulishajaribiwa. Baba yangu alikuwa mwanaushirika. Vyama vikuu vilipovunjwa mwaka 1976, na hata viliporudishwa kwa sheria ya 1982, hakuwahi tena kumwamini mtu anayekusanya mazao yake na kumpa karatasi. Alifariki akiwa na karatasi za madai kwenye kopo la chai. Nimezishika mikononi. Kwa hiyo ninaposema mkulima alipwe siku anayopima, nasema kutokana na lile kopo. Mkulima aliyelipwa hana haja ya kukuamini kwa miezi mitatu, anahitaji kukuamini kwa saa moja tu. Na kila mwisho wa mwezi tunabandika ukutani karatasi ya mapato na matumizi, pamoja na posho ya katibu, ili asomaye asome na asiyejua asomewe.

Wengine wananiambia, mbona kuna stakabadhi ghalani, ambapo mkulima anaweka zao ghalani na kupewa hati hadi liuzwe? Ni mfumo mzuri kwa zao lake. Sheria yake ni ya mwaka 2005, na ndugu zetu wa korosho kule Mtwara na Lindi wanautumia. Mahindi nayo yana mahali kama Kibaigwa, wilayani Kongwa, soko la nafaka lililo kando ya barabara kuu kwenye eneo la uzalishaji. Nafaka na korosho zinakaa ghalani zikingoja bei. Hoho haikai. Kwa mboga, kinachotakiwa kukaa na kungoja ni fedha, kwa sababu zao lenyewe haliwezi.

Na kwa majirani zetu Kenya, tangu 2023 serikali kuu na za kaunti zinachangia nusu kwa nusu, shilingi milioni 500 za Kenya kwa kila kaunti, kujenga maeneo ya viwanda yenye vituo vya kukusanyia mazao. Ni jambo kubwa na nalifuatilia kwa hamu. Ninachotamani kujua kutoka kwao ni kiasi gani kimetengwa kwa ajili ya siku ya kwanza baada ya fundi kuondoka. Nauliza kwa sababu nimeliona soko katika kata moja ya mkoa wetu, lina paa zuri, lina vizimba, lina choo, na siku niliyopita kulikuwa na mbuzi wamejikinga mvua. Akina mama walikuwa barabarani na matenga yao ya nyanya, kwa sababu barabarani ndipo gari la mnunuzi linaposimama.

Kwa hiyo naomba yafuatayo kwa madiwani wetu, mkurugenzi na wabunge.

Tengeni mfuko wa kusubiria, uwe mkopo na si zawadi, ukae kwenye akaunti ya kituo na utumike kwa kazi moja tu ya kumlipa mkulima dhidi ya ankara iliyosainiwa na mnunuzi. Mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, nne kwa wanawake, nne kwa vijana, mbili kwa watu wenye ulemavu, imerudi tangu 2024. Inafika kwa vikundi, na ni baraka. Lakini kikundi cha mchanganyiko kama chetu, chenye wazee wa miaka 60 na wajane na vijana, hakiingii kwenye mafungu hayo kikiwa kizima. Wanawake 37 wa kwetu wanaweza kukopa peke yao na kuweka kwenye kituo kama mtaji wao, iwapo afisa maendeleo ya jamii atakubali kwamba kulipia mzigo ni mradi kama ulivyo mradi wa kuku au cherehani. Tulipouliza tuliambiwa tuonyeshe mradi. Mradi ni ankara. Benki ya Maendeleo ya Kilimo nayo ipo tangu 2015 na kazi yake ni kutukopesha sisi. Tunaomba halmashauri itusindikize hadi mlangoni pao, kwa sababu hati ya robo eka haimshawishi mtu wa benki, lakini ankara 50 zilizolipwa zote zinaweza kumshawishi.

Shule za bweni, hospitali na vyuo vya mkoa huu vinunue kwetu. Sheria ya ununuzi wa umma imetenga asilimia 30 kwa makundi maalumu, na manunuzi yanapita kwenye NeST, mfumo wa serikali wa mtandaoni. Mkulima mwenye kilo 40 hawezi kujisajili huko. Kituo kinaweza, kikipewa mtu wa kukaa nacho siku mbili kwenye kompyuta. Na shule hazihitaji daraja la kwanza. Karoti ya miguu miwili ikishakatwa kwenye sufuria ya wanafunzi 600 haijulikani. Tukiuza hizo kwa bei ya haki, mkulima anaokoa sehemu ya mzigo ambayo leo inatupwa.

Jambo la ushuru. Tangu 2017 mkulima anayesafirisha mzigo usiozidi tani moja kutoka halmashauri moja kwenda nyingine hatozwi ushuru wa mazao. Ni huruma iliyowekwa kwa ajili ya mdogo. Lakini wadogo 30 wakiunganisha kilo 40, 40 kwenye gari moja, wanapita tani moja na wanahesabiwa kama mfanyabiashara mkubwa. Naomba mzigo wa kituo ukifika getini na orodha ya wenye mali na uzito wa kila mmoja, utambuliwe kuwa ni mizigo 30. Kama ilivyo sasa tunaadhibiwa kwa kuungana.

Na mshahara wa meneja kwa miaka mitatu, ukipungua kila mwaka kadiri tani zinavyoongezeka. Gharama ya ukuta mmoja wa lile soko la mbuzi ingetosha.

Sijui kama barua hii itafika kwa anayehusika. Lakini tunapima kila Ijumaa kuanzia saa 8 mchana, na gari linaondoka saa 11 jioni ili lipite kona za Soni kabla giza halijashika. Diwani, afisa kilimo, au mtu wa benki anayetaka kuona hesabu nilizoandika hapa aje wakati wa kupima. Daftari liko mezani, karibu na zile pete.

Katibu, kikundi cha wakulima wa mboga,
Lukozi, Lushoto, Tanga